Jinsi Seli Inavyojua Kiasi cha Kolesteroli Iliyo Nayo

Katika maduka ya Afrika Mashariki huuzwa mafuta ya kupikia ambayo chupa zake zimeandikwa kwamba hayana kolesteroli. Maandishi hayo ni ya kweli, lakini hayamwelezi mnunuzi jambo kubwa, kwa kuwa mimea hutengeneza kolesteroli kidogo mno, na mafuta ya alizeti, ya pamba, ya mawese na ya nazi yote yangeweza kuandikwa vivyo hivyo. Jambo ambalo chupa haisemi ni kwamba sehemu kubwa ya kolesteroli iliyomo mwilini mwa binadamu haikutoka katika chakula chochote. Ilitengenezwa na mwili wenyewe. Mtu mzima hutengeneza takribani gramu 1 kwa siku, na chakula chake cha kawaida humwongezea kiasi kilicho pungufu ya hapo. Hata mtu asiyegusa nyama, maziwa wala mayai maisha yake yote ana kolesteroli, na hana budi kuwa nayo.

Yafaa jambo hili lisisitizwe mapema, kwa sababu kolesteroli imezoeleka kutajwa kama kwamba ni sumu. Kila seli ya mnyama imezungukwa na utando, na utando huo bila kolesteroli ungelegea na kuvuja. Kutokana na kolesteroli ini hutengeneza chumvi za nyongo zinazosaidia kusaga mafuta tumboni. Kutokana nayo pia hupatikana homoni za uzazi na zile za tezi zilizo juu ya figo. Hata jina lake limetokana na maneno mawili ya Kiyunani, moja likimaanisha nyongo na jingine kitu kigumu, maana wanakemia wa kwanza waliipata katika mawe ya nyongo.

Ubaya wa kolesteroli ni ubaya wa kiasi na mahali. Ikizidi katika damu, hujikusanya katika kuta za ateri, na ateri za moyo zikiziba mtu hupatwa na shambulio la moyo. Ikizidi ndani ya seli, huifanyia seli madhara. Ikipungua, seli haiwezi kujenga tando mpya, na kwa hiyo haiwezi kugawanyika. Basi seli yapasa ijue ina kiasi gani, na itengeneze au iache kutengeneza kulingana na ujuzi huo. Hapo ndipo penye fumbo. Kolesteroli haiyeyuki katika maji, hivyo haielei katika majimaji ya seli bali hukaa ndani ya tando. Jeni zinazotoa maagizo ya kuitengeneza zimo ndani ya kiini. Je, habari za utando hufikaje kwenye kiini?

Jibu la swali hilo ni protini iitwayo kwa kifupi SREBP. Maana ya herufi hizo ni protini inayojishikiza kwenye kipande cha jeni kinachotii steroli, na steroli ni jamaa ya kemikali ambayo kolesteroli ni mmojawapo. Ili kuielewa protini hii ni vizuri kuanza nyuma kidogo, kwa watu wasiokuwa nayo habari.

Ushahidi wa seli za ngozi

Mwaka 1933 Rudolf Schoenheimer na mwenzake Friedrich Breusch walionyesha kwamba panya waliolishwa kolesteroli nyingi hutengeneza kidogo miilini mwao, na walionyimwa hutengeneza nyingi. Huu ni udhibiti wa kujirudi: zao la kazi hurudi na kuizuia kazi yenyewe, kama vile boya katika tangi la maji linavyopanda na kufunga bomba tangi linapojaa. Baadaye Konrad Bloch na Feodor Lynen, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1964, walieleza njia ambayo seli hufuata kutoka kemikali ndogo yenye atomu 2 za kaboni hadi kolesteroli yenye atomu 27. Njia hiyo ina hatua takribani 30. Kimeng'enya kinachoamua kasi ya safari nzima hujulikana kama reduktasi ya HMG-CoA. Katika makala haya kitaitwa reduktasi tu.

Katika miaka ya 1960 madaktari wawili vijana wa Marekani, Michael Brown na Joseph Goldstein, waliwaona watoto wa tumbo moja, wote wakiwa na umri chini ya miaka 10, ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo. Watoto wa namna hiyo wamerithi jeni mbovu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, na kolesteroli katika damu yao huwa mara 6 hata 8 ya kawaida tangu kuzaliwa. Wasipotibiwa wengi wao hufa kabla ya kufika umri wa utu uzima. Hali hii ni ya nadra sana, lakini waliorithi jeni mbovu moja tu ni wengi, takribani mtu 1 kati ya 300, nao hupata maradhi ya moyo katika miaka ya ujana na ya makamo.

Wawili hao walihamia Dallas, katika jimbo la Texas, wakachukua vipande vidogo vya ngozi za watu wazima wa afya na za wagonjwa, wakaziotesha seli zake katika vyombo vya kioo. Walipotia seramu ya damu katika lishe ya seli za mtu mwenye afya, reduktasi ilipungua, walipoiondoa, ikaongezeka. Seli za mgonjwa hazikujali. Seramu iwepo au isiwepo, reduktasi iliendelea kufanya kazi kwa nguvu zote. Ingekuwa rahisi kusema kwamba boya la mgonjwa limevunjika. Lakini walifanya jaribio jingine, nalo linastahili kufikiriwa kwa makini na kila mwanafunzi wa biolojia: waliyeyusha kolesteroli tupu katika alkoholi, ambayo huiwezesha kupenya ndani ya seli bila kupitia mlango wowote. Seli za mgonjwa nazo zikapunguza reduktasi sawasawa na zile za mtu mwenye afya. Boya lilikuwa zima. Kilichokosekana ni mlango.

Mlango huo ni kipokezi kilicho juu ya seli, ambacho hunasa vitufe vidogo viitwavyo LDL vinavyobeba kolesteroli katika damu, na kuviingiza ndani. Seli isiyokuwa na kipokezi hufa njaa katikati ya shibe: damu imejaa kolesteroli, lakini ndani haimo, hivyo seli huendelea kutengeneza. Brown na Goldstein walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kazi hiyo. Waligundua vilevile kwamba seli iliyoshiba haipunguzi reduktasi peke yake. Hupunguza na vipokezi vyake. Maana yake ni kwamba kuna kitu kimoja kinachoongoza jeni zote mbili, ile ya kutengeneza na ile ya kuingiza.

Protini iliyofungwa katika utando

Katika miaka ya 1980 ilionekana kwamba kando ya jeni ya kipokezi, mahali ambapo unakili wa jeni huanzia, kuna kipande kifupi cha DNA chenye herufi 10 tu. Kikiharibiwa, jeni haitii tena habari za kolesteroli. Ikawa lazima kuwe na protini inayokishika kipande hicho. Mwaka 1993 protini hiyo ilipatikana katika viini vya seli za binadamu, na mpangilio wake ukasomwa. Mwaka huohuo kikundi kingine cha Marekani, kilichoongozwa na Bruce Spiegelman, kiliipata kwa njia tofauti kabisa, kikichunguza jinsi seli za mafuta zinavyokomaa. Hakuna aliyetazamia kwamba watafiti wa kolesteroli na watafiti wa mafuta wangekutana katika mlango mmoja.

Ajabu kubwa zaidi ilijitokeza mwaka 1994. Protini za kawaida za kuongoza jeni hukaa katika kiini au katika majimaji ya seli. SREBP ilionekana kuwa ndefu kuliko inavyohitajika, yenye asidi amino zipatazo 1,150, na ilikuwa imefungwa katika utando wa retikulamu, yaani ule mtandao wa mirija na vifuko ulio nje ya kiini ambamo protini nyingi na mafuta hutengenezwa. Protini hupita katika utando huo mara mbili, kama sindano iliyopenya kitambaa na kurudi, hata ncha zote mbili zikabaki upande wa nje. Ncha ya mbele, ambayo ni chini kidogo ya nusu ya urefu wote, ndiyo yenye uwezo wa kushika DNA. Inafanana na mbuzi aliyefungwa kigingini mbele ya shamba: uwezo wa kula anao, lakini kamba haimruhusu.

Kukatwa kwa kamba hiyo ndiko udhibiti wenyewe. Ncha ya nyuma ya SREBP imeshikana na protini nyingine iitwayo Scap, iliyogunduliwa mwaka 1996, ambayo hupita katika utando mara 8. Scap ndiyo inayopima. Kolesteroli inapokuwa chache katika utando wa retikulamu, Scap huichukua SREBP na kusafiri nayo katika vifuko vidogo hadi gimba la Golgi, ambalo ni kituo cha kupokea na kusambaza protini. Huko kuna vimeng'enya viwili vya kukata. Cha kwanza hukata kile kitanzi kinachounganisha pande mbili za protini. Cha pili hufanya kazi ambayo wanakemia wengi waliona haiwezekani, yaani kukata protini ndani ya utando wenyewe, mahali penye mafuta pasipo na maji ya kutosha. Baada ya mikato hiyo miwili ncha ya mbele huachiliwa, huingia katika kiini, hushika zile herufi 10, na jeni zaidi ya 30 huanza kunakiliwa. Haikai huko muda mrefu. Baada ya saa chache huvunjwa, ili seli isiendelee kutii agizo lililopitwa na wakati.

Kolesteroli inapotosha, hujishikiza kwenye Scap. Scap hubadilika umbo, ikashikwa na protini ya tatu, Insig, ambayo haitoki katika retikulamu kamwe. Scap isiposafiri SREBP haifiki kwenye visu, na jeni hunyamaza. Mwaka 2008 ilipimwa mpaka wa mabadiliko hayo: ni pale kolesteroli inapofikia takribani molekuli 5 katika kila molekuli 100 za mafuta ya utando wa retikulamu. Chini ya hapo SREBP hukatwa; juu kidogo tu ya hapo haikatwi. Zingatia kwamba seli haipimi damu, wala haipimi utando wake wa nje ambako kolesteroli yake nyingi imo. Hupima utando mmoja wa ndani, wenye sehemu ndogo sana ya kolesteroli yote. Ni kama mpishi anayeonja kijiko kimoja ili kujua chumvi ya sufuria nzima.

Inafaa kutaja hapa uchunguzi uliofanyika Afrika Mashariki kabla SREBP haijajulikana. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 George Mann na wenzake waliwapima Wamaasai wa Tanganyika walioishi kwa maziwa na nyama, wakakuta kolesteroli katika damu yao ni kidogo. Kikundi kingine cha Wamarekani kilichotoa taarifa mwaka 1971 kiliwapa baadhi ya Wamaasai kolesteroli ya ziada katika chakula, kikaona kwamba miili yao ilipunguza utengenezaji wake kwa kadiri kubwa. Uchunguzi huu umetumiwa na watu wa pande zote mbili za ubishi wa vyakula, wengine wakidai kwamba unathibitisha kuwa mafuta ya wanyama hayana neno. Hauthibitishi hivyo. Waliopimwa walikuwa wembamba na walitembea mwendo mrefu kila siku nyuma ya ng'ombe. Kilichoonekana ni boya likifanya kazi yake vizuri katika miili ya namna hiyo.

Mafuta na insulini

Hadi hapa SREBP imezungumzwa kama kwamba ni moja, lakini binadamu ana jeni mbili za protini hizi, moja katika kromosomu ya 17 na nyingine katika kromosomu ya 22. Ile ya kromosomu ya 22 hutoa SREBP-2, ambayo hushughulikia zaidi kolesteroli na vipokezi vya LDL. Ile ya kromosomu ya 17 hutoa aina mbili zinazotofautiana mwanzoni tu, na mojawapo, SREBP-1c, ndiyo iliyo nyingi katika ini. Hiyo huamrisha zaidi jeni za asidi za mafuta, yaani mafuta ya kuweka akiba.

SREBP-1c haitawaliwi na kolesteroli peke yake. Insulini, homoni inayotoka katika kongosho baada ya mlo, huongeza utengenezaji wake. Panya wanapofunga, SREBP-1c ya ini hupungua sana. Wanapolishwa tena chakula chenye wanga mwingi, hupanda kuliko ilivyokuwa kabla ya mfungo. Hii ndiyo njia mojawapo ambayo wanga na sukari, visivyokuwa na chembe ya mafuta, hugeuzwa kuwa mafuta ndani ya ini. Mwili uliobuni utaratibu huu uliishi kwa kupata leo na kukosa kesho, nao ulikuwa na sababu njema ya kuweka akiba.

Katika ugonjwa wa kisukari wa aina ya pili jambo hili huleta mkanganyo. Insulini huwa na kazi mbili katika ini: kulizuia lisitoe sukari, na kuliamuru litengeneze mafuta. Ini la mgonjwa haliitii tena katika kazi ya kwanza, bali huendelea kuitii katika ya pili. Kongosho hutoa insulini zaidi ili kushusha sukari, na insulini hiyo ya ziada huzidi kuichochea SREBP-1c. Kwa hiyo mgonjwa huwa na sukari nyingi katika damu na mafuta mengi katika ini kwa wakati mmoja. Panya waliopandikizwa SREBP isiyofungwa katika utando walipata maini makubwa yaliyojaa mafuta, ijapokuwa hawakuwa na kasoro nyingine.

Dawa inayoidanganya seli

Dawa za jamii ya statini humezwa na mamilioni ya watu, na aghalabu hudhaniwa kwamba huyeyusha mafuta ya damu kama sabuni iyeyushavyo mafuta ya sahani. Statini ya kwanza ilipatikana na Akira Endo nchini Japani katika miaka ya 1970, baada ya kuchunguza maelfu ya kuvu; ilitoka katika kuvu jamaa ya ile itoayo penisilini. Huzuia reduktasi. Kama kazi yake ingeishia hapo, seli ya ini ingepungukiwa kolesteroli tu. Lakini kupungukiwa huko ndiko kunakoisafirisha Scap. SREBP-2 hukatwa, na seli ya ini hutoa vipokezi vingi vya LDL juu yake, vikanasa kolesteroli ya damu. Damu husafishwa na vipokezi, navyo vimeagizwa na SREBP. Statini imefanya kazi ya kuidanganya seli kwamba kuna njaa.

Kwa maelezo haya mtu aweza kutambua mwenyewe kwa nini statini huwasaidia kidogo sana wale watoto wasiokuwa na kipokezi hata kimoja kinachofanya kazi. SREBP hutoa agizo, lakini ramani inayosomwa ni mbovu. Mwaka 1984, mjini Pittsburgh, mtoto mmoja wa namna hiyo mwenye umri wa miaka 6 aliwekewa moyo na ini vya mtu mwingine. Moyo mpya ulimwokoa na kifo cha wakati ule. Ini jipya, lenye vipokezi vizima, ndilo lililoshusha kolesteroli ya damu yake.

Kuna jambo jingine ambalo SREBP-2 hulifanya, nalo huonekana kama kwamba inajipinga. Miongoni mwa jeni inazoziamsha imo ya protini iitwayo PCSK9, ambayo kazi yake ni kuviharibu vipokezi vya LDL. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya dozi ya statini ikiongezwa maradufu, LDL ipungue kwa asilimia 6 hivi tu zaidi. PCSK9 ilihusishwa na ugonjwa mwaka 2003 nchini Ufaransa, katika jamaa ambamo ilifanya kazi kupita kiasi. Miaka michache baadaye, huko Dallas, ilionekana kwamba baadhi ya Wamarekani Weusi wana jeni ya PCSK9 iliyokatika, na watu hao walipata maradhi ya moyo mara chache mno kuliko wenzao. Mwaka 2007 taarifa ikatoka ya wanawake wa Zimbabwe waliopimwa katika kliniki za wajawazito: jeni hiyo iliyokatika ilikuwamo miongoni mwao, na mmoja aliyeirithi kutoka pande zote mbili alikuwa na LDL ya milimoli 0.4 tu kwa lita, naye alikuwa na afya. Dawa za kuizuia PCSK9 zilianza kuruhusiwa mwaka 2015. Bei yake ni kubwa mno kwa hospitali nyingi za nchi zetu, na hili halina budi kusemwa wazi, kwa kuwa sehemu muhimu ya ujuzi ulioziunga mkono ilitoka katika damu ya Waafrika na wazao wao.

Kwa mazoezi ya darasani

Mwalimu aweza kutumia jaribio hili. Kuna kemikali inayofanana na kolesteroli, iitwayo 25-hidroksikolesteroli. Hujishikiza kwenye Insig na kuizuia Scap isisafiri, lakini haiwezi kujenga utando. Seli zilizooteshwa katika lishe isiyo na kolesteroli zikipewa kemikali hiyo, karibu zote hufa. Wanafunzi waulizwe kwanza kwa nini hufa. Kisha waambiwe kwamba chache zilizosalia zilichunguzwa, zikakutwa zina Scap yenye kasoro ya asidi amino moja, nao waeleze ni kasoro ya namna gani ingeweza kuziokoa. Ni kwa njia hii hasa Scap iligunduliwa.

Swali la pili ni gumu zaidi. Watafiti walipata pia seli zisizo na Scap kabisa. Seli hizo ziwekewe nini katika lishe ili ziishi? Mwanafunzi atakayejibu kolesteroli peke yake apewe nusu ya alama. Seli hizo zilihitaji pia mevalonati, ambayo ni zao la reduktasi, na asidi ya oleiki, ile ile iliyomo katika mafuta ya alizeti na ya karanga.